Fungu la 218: Mzigo Huu ni wa Nani?

Yako mambo ambayo katika sharika zetu hunenwa kwa sauti ya chini tu, akina mama wakiwa kisimani, au wazee wa kanisa wakiwa wamekwisha kuufunga mlango. Mojawapo ni habari ya mwanamke kuitoa mimba yake. Mimbarini twaikataza kwa neno moja, kisha twapita. Katika mafundisho ya kipaimara hutajwa chini ya Amri ya Tano, katikati ya mambo mengine, nao vijana hutazama chini mpaka mwalimu aendelee mbele. Hatusemi ya kwamba amri hiyo haihusu jambo hili. Yalihusu. Lakini neno likatazwalo bila kutafakariwa hukaa gizani, na gizani humo wako wasichana wanaokufa.

Mwezi huu twapenda kulitazama jambo hili kwa kupitia nchi ya Ujerumani. Huko ndiko walikotoka wamisionari wa Leipzig, wa Berlin na wa Betheli, walioleta huku Katekisimo Ndogo pamoja na desturi ya nidhamu ya kanisa. Basi mashindano ya Wakristo wa huko ni mashindano ya ndugu wa nyumba moja. Tena si nchi nyingi ambazo wanawake wameshindana na sheria moja kwa muda mrefu namna hii, zaidi ya miaka mia, na kanisa likiwamo katika shauri lenyewe, mara upande huu, mara upande ule.

Sheria ilikuwa fupi. Katika kitabu cha sheria za adhabu cha Dola ya Ujerumani cha mwaka 1871, fungu la 218 liliagiza ya kwamba mwanamke aitoaye mimba yake kwa kusudi atafungwa kifungo cha kazi ngumu hata miaka 5. Yakiwapo mambo ya kumhurumia, hakimu aliweza kumpunguzia, lakini si chini ya miezi 6 gerezani. Aliyemsaidia naye aliadhibiwa. Mwanamume aliyeisababisha mimba hakutajwa. Twamwomba msomaji atie alama mahali hapo, maana tutapita tena njia hiyo.

Wanawake wa kwanza waliosimama kuipinga sheria hii hawakuwa wengi. Mmoja wao ni Helene Stöcker, aliyezaliwa mwaka 1869 katika mji wa Elberfeld, binti wa nyumba ya Kikalvini iliyoshika dini kwa ukali. Mwaka 1905 alishiriki kuanzisha Umoja wa Kuwalinda Akina Mama. Shabaha yao ya awali ilikuwa kwamba msichana aliyezaa bila mume asitupwe njiani pamoja na mtoto wake. Nao walipowatazama wasichana hao kwa karibu, walikutana na fungu la 218 kila siku. Mwaka 1908 shirikisho la vyama vya wanawake wa Ujerumani lilikutana Breslau, mji ambao leo uko Poland na kuitwa Wrocław. Camilla Jellinek, aliyekuwa stadi wa mambo ya sheria, alitaka mkutano uombe fungu hilo lifutwe kabisa. Alishindwa. Na miongoni mwa waliomshinda walikuwamo dada zetu: Umoja wa Wanawake wa Kiinjili, ulioingia katika shirikisho mwaka uo huo, ulisimama upande wa kukataa.

Wako wasemao leo ya kwamba wanawake hao wa kanisa walikuwa na mioyo migumu tu. Sisi hatupendi kuwahukumu upesi hivyo. Tukifikiri upande wao, twaona sababu yenye uzito: mlango huo ukifunguliwa, ni nani atakayeingia kwanza, mwanamke mwenye shida, au mwanamume atakaye kumtuma aende akaimalize habari ili yeye abaki na jina lake jema? Jambo hilo latokea hata leo, nasi tunaokaa na watu twalijua. Lakini upande wa pili nao ulisema neno ambalo halikujibiwa pale Breslau. Ulisema ya kwamba sheria hii haimkamati kila aliyelitenda tendo, bali humkamata maskini. Bibi mwenye fedha humwendea tabibu wake, mambo yakaisha kwa heshima. Mjakazi na mwanamke wa kiwandani huenda kwa mtu wa uchochoroni mwenye sindano chafu. Akipona hufungwa, na asipopona huzikwa.

Neno hilo liliendelea kusemwa baada ya vita ya 1914 hata 1918, wakati Ujerumani ilipojaa njaa na watu wasio na kazi. Mchoraji Käthe Kollwitz alichora picha ya kupinga mafungu hayo ya sheria: mwanamke mwenye mimba aliyechoka, mtoto mmoja mkononi, mwingine amemshika. Hakuna damu katika picha ile, wala ngumi iliyoinuliwa. Ni uchovu tu. Mwaka 1926 sheria ilipunguzwa kidogo, kifungo cha kazi ngumu kikawa kifungo cha kawaida kwa mwanamke mwenyewe. Mwaka 1929 tabibu Friedrich Wolf alitoa mchezo wa kuigiza uitwao Cyankali, yaani jina la sumu. Ndani yake msichana maskini mwenye mimba amwendea tabibu akakataliwa. Lakini bibi tajiri apata cheti chake mahali hapo hapo. Mwisho msichana afa kwa sumu aliyoipata kwa siri, na mama yake akamatwa. Februari 1931 Wolf na tabibu mwenziwe wa kike, Else Kienle, walikamatwa Stuttgart kwa kushtakiwa kuvunja fungu la 218. Kienle alikataa kula gerezani mpaka akafunguliwa, nao watu walikusanyika kwa maelfu katika miji kuwatetea. Wengi wao hawakuwa watu wa kanisa. Wolf mwenyewe alikuwa mkomunisti. Lakini kweli yaweza kuchukuliwa na mtu asiye wa nyumba yetu, kama mzigo wa ndugu uwezavyo kuletwa na mpagazi tusiyemjua, na si adabu kuukataa mzigo kwa sababu ya mpagazi.

Kisha wakaja watu wa Hitler. Hapa twaomba msomaji asome polepole. Mwaka 1933 waliongeza mafungu mapya ya kumwadhibu atangazaye au ashawishiye kutoa mimba. Mwaka 1943 waliweka adhabu ya kifo kwa wale waliozitoa mimba na hivyo kudhoofisha, kwa maneno ya sheria yao, nguvu ya taifa la Wajerumani. Mtu angeweza kusema: tazama, hata hao waliulinda uhai wa mtoto asiyezaliwa. Sivyo hata kidogo. Serikali iyo hiyo, kwa sheria ya 1933 ya kuwahasi watu walioitwa wenye ugonjwa wa urithi, na kwa nyongeza yake ya 1935, iliruhusu mimba za wanawake wa namna hiyo zitolewe. Na wakati wa vita wanawake wa Poland na wa Urusi waliochukuliwa kufanya kazi za lazima walitolewa mimba zao kwa nguvu. Mkono uliomlazimisha mmoja azae ulikuwa mkono uo huo uliomlazimisha mwingine asizae. Kilicholindwa hakikuwa mtoto. Tumbo la mwanamke lilihesabiwa kuwa shamba la serikali, na serikali ndiyo iliyoamua palimwe au pateketezwe.

Asiyekumbuka hayo hawezi kuelewa msemo ulioenea huko katika miaka ya 1970 na kuyaudhi makanisa sana, yaani kwamba tumbo langu ni langu. Kama maneno ya Mkristo msemo huo hautoshi. Mwili wetu, wa mwanamume na wa mwanamke, tumeupokea. Na mwenye mimba hachukui kilicho chake peke yake. Lakini yatupasa kuuliza, aliambiwa nani maneno hayo? Mungu siye aliyeambiwa kwanza. Waliambiwa hakimu, polisi, na mume. Tena sisi wenyewe katika nchi zetu tumezoea kusikia ukoo ukisema juu ya tumbo la mke kana kwamba limo ndani ya hesabu ya mahari, wala hatukumtenga mzee yeyote kwa kusema hivyo. Basi tusishangae mno mwanamke akijibu kwa sauti kubwa.

Tarehe 6 Juni 1971 gazeti la Stern lilitoa toleo lililotikisa nchi. Juu ya jalada zilikuwapo nyuso za wanawake, na maneno ya kusema: Sisi tumetoa mimba. Ndani yalikuwamo majina 374. Walikuwapo waigizaji mashuhuri kama Romy Schneider na Senta Berger, walakini wengi walikuwa wanawake wa kawaida. Aliyewakusanya ni Alice Schwarzer, mwandishi wa habari aliyekuwa amefanya kazi Paris. Alifuata mfano wa wanawake 343 wa Ufaransa waliotangaza jambo kama hilo Aprili mwaka uo huo. Kila aliyetia jina lake alikiri mbele ya nchi nzima tendo lililokuwa na adhabu ya kifungo. Jirani waliweza kusoma, na mwajiri, na mchungaji.

Baadaye ilijulikana ya kwamba baadhi ya waliotia majina hawakuwa wametoa mimba kamwe, na Schwarzer mwenyewe ni mmoja wao. Adui zao walicheka, wakasema ni uongo. Sisi tunaokusanyika kila Jumapili tungefikiri kidogo kabla ya kucheka. Maana katika ibada yetu twasema ungamo kwa pamoja. Mzee aliyeiba fedha za usharika, na mjane asiyemdhulumu mtu, wote husema neno moja kwa sauti moja, nasi hatumwambii mjane kwamba amesema uongo. Twajua ya kuwa neno la “sisi” lina kazi yake: humwondoa mmoja katika upweke wa kusimama mbele peke yake. Tofauti ipo, na ni kubwa. Wanawake wale hawakuungama dhambi. Walikuwa wakikataa kwamba ni kosa la kuadhibiwa. Walakini walilijua jambo ambalo sisi hulisahau mara tuondokapo mlangoni mwa kanisa: mtu aliyeachwa peke yake na siri yake hana njia ya kuitika, wala kwa toba wala kwa matumaini.

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyenyongwa na watu wa Hitler huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, aliacha maandiko juu ya maadili yaliyochapishwa mwaka 1949 baada ya kufa kwake. Katika jambo la kutoa mimba hakuzungukazunguka. Aliliita uuaji, kwa kuwa Mungu amekwisha kukusudia mtu aishi. Wengi hutaja maneno hayo na kufunga kitabu. Lakini aliendelea, akasema kwamba sababu zaweza kuwa nyingi. Na kwamba pale mtu alipolitenda kwa kukata tamaa, katika upweke na uhitaji mkubwa, mara nyingi hatia ni ya jamii kuliko ya yule mmoja. Akaongeza ya kwamba fedha huweza kufunika tendo la ovyo la tajiri, na anguko la maskini aliyelitenda kwa shingo upande likafunuliwa upesi. Ndilo neno lile lile lililokosa jibu Breslau mwaka 1908, limerudi sasa kinywani mwa mchungaji asiyeweza kushukiwa kwamba alidharau uhai.

Kwetu hapa ndipo kiini cha shauri lote. Yako maswali mawili, nayo huchanganywa daima. La kwanza ni hili: je, tendo ni jema? La pili: je, ni nani atakayeubeba uzito wake? Kanisa limezoea kujibu la kwanza, na kwa kujibu hilo likadhani limekwisha kujibu la pili. Wanaharakati wengi wamelisukuma la pili kwa nguvu, na kwa haki. Lakini mara nyingi wamelifanya la kwanza kana kwamba halipo, wakanena habari ya mimba kana kwamba hakuna yeyote humo. Hatuwezi kuwafuata hapo. Mama yeyote aliyepotewa na mimba aliyoitamani ajua kwamba aliyempoteza alikuwa mtu.

Habari za baadaye tutazipita upesi kidogo. Ujerumani ya Mashariki, iliyotawaliwa na wakomunisti, iliruhusu kutoa mimba katika majuma 12 ya kwanza kwa sheria ya tarehe 9 Machi 1972. Katika bunge lile ambalo kila mtu alizoea kuinua mkono pamoja na wote, wajumbe 14 wa chama cha Wakristo walikataa na 8 hawakupiga kura. Jambo kama hilo halikuonekana tena humo mpaka mwaka 1989. Upande wa Magharibi bunge lilipitisha sheria inayofanana Aprili 1974, nayo mahakama kuu ya katiba iliitangua tarehe 25 Februari 1975, ikisema dola ina wajibu wa kuulinda uhai usiozaliwa. Waamuzi wawili walitoa maoni yao ya kutokubali: Wiltraut Rupp-von Brünneck, mwanamke pekee kati yao, na Helmut Simon, Mprotestanti aliyekuja kuwa rais wa Kirchentag, mkutano mkuu wa waumini wa Kiinjili. Hawakusema kwamba uhai huo si kitu. Walisema kwamba wajibu wa kuulinda haumaanishi lazima kuulinda kwa gereza. Mwaka 1976 ikaja sheria ya katikati, iliyotaka mwanamke athibitishe sababu yake mbele ya tabibu. Na katika mji wa Memmingen, mwaka 1988 na 1989, ilionekana mwisho wake ulivyo: tabibu alihukumiwa kifungo, orodha zake zikachukuliwa, wanawake wengi wakatozwa faini, na wengine wakaitwa mahakamani kueleza hadharani mambo waliyomwambia tabibu faraghani.

Nchi zilipoungana mwaka 1990 ilibidi kutafuta sheria moja. Mahakama ya katiba ilitoa hukumu tena tarehe 28 Mei 1993, na bunge likafuata mwaka 1995. Mpango wenyewe ni wa ajabu, nasi twakiri kwamba tulipousoma mara ya kwanza tuliuona kama kitendawili. Kutoa mimba ni kinyume cha sheria; lakini hakuna adhabu kama imetolewa na tabibu ndani ya majuma 12, na kama mwanamke amekwenda kwanza kupewa ushauri, akapata cheti, na siku 3 zimepita. Ushauri wenyewe sharti uwe wa kuulinda uhai wa mtoto, tena sharti usimlazimishe wala kumfundisha mama kana kwamba ni mtoto wa shule. Aweza hata kulificha jina lake kwa mshauri. Uamuzi ni wake.

Nyumba za kutoa ushauri huo ni za namna nyingi, na baadhi yake ni za kanisa. Kanisa la Kiinjili, kwa kazi yake ya Diakonia, lilikubali kuwa na nyumba hizo, nalo latoa cheti hata leo. Maaskofu wa Kanisa la Roma nao walikubali hapo kwanza. Lakini Papa Yohane Paulo wa Pili, kwa barua za 1998 na 1999, aliwaagiza waache kutoa cheti, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo ufunguo wa mlango. Walijaribu kuandika juu yake kwamba haiwezi kutumiwa kutoa mimba. Nani asiyeona kwamba dawa hiyo haikutibu kitu? Walakoma. Askofu Franz Kamphaus wa Limburg alishikilia peke yake mpaka mwaka 2002, ndipo Papa alipomwondolea amri katika jambo hilo. Walei wa Kikatoliki walikuwa wamekwisha kuanzisha chama chao, Donum Vitae, mwaka 1999, ili kazi isife.

Tufikiri sasa juu ya mshauri wa Diakonia, Mkristo, aketiye mezani. Mbele yake yuko mwanamke. Mshauri aamini kwamba aliye tumboni amekabidhiwa na Mungu. Amweleza mama habari za msaada wa fedha, za nyumba, za kumlea mtoto au kumtoa alelewe na wengine. Asikiliza. Mwisho wa yote mama aweza kusema: nimesikia, na nimeamua. Ndipo mshauri achukue kalamu. Katika cheti mna jina la mama, na tarehe, na jina la nyumba ya ushauri. Jina la mwanamume halimo, kama vile halikuwamo mwaka 1871.

Je, sahihi ile ni dhambi? Papa aliona kwamba kanisa limewekwa mahali ambapo neno lake na karatasi yake hupingana, na hoja hiyo hatuwezi kuidharau. Ushuhuda uliogawanyika ni ushuhuda dhaifu. Wanaharakati nao wamelaumu kutoka upande mwingine: ushauri wa lazima, wasema, si ushauri, mtu aliyelazimishwa kuketi hawezi kufungua moyo, na mwanamke mzima hahitaji kuomba ruhusa mlangoni mwa kanisa. Hilo nalo lina kweli ndani yake. Lakini sisi, tukiulizwa, twasema kwamba mshauri yule amekaa mahali pake. Asiyetia sahihi hubaki na mikono safi, lakini hubaki na chumba kitupu. Mwanamke atakwenda kwingine, na wakati ule mmoja ambao mtu angeweza kumwambia kwamba mtoto huyu na wewe mwaweza kupokelewa, utakuwa umepita. Sahihi haisemi: tendo ni jema. Yasema: alikuwa hapa, tulikuwa pamoja naye. Ni sahihi ichafuayo, na mshauri apaswa kuiona hivyo kila mara; siku atakapoitia bila kusikia uzito wowote, afadhali aombe kazi nyingine.

Mashindano hayajaisha. Tabibu Kristina Hänel wa Gießen alitozwa faini ya yuro 6,000 mwaka 2017 kwa kueleza wazi kwamba atoa mimba. Fungu lililomhukumu lilikuwa na mizizi yake katika sheria ile ya 1933, na bunge lililifuta tarehe 24 Juni 2022. Mwaka 2023 mimba zipatazo 106,000 zilitolewa katika nchi hiyo. Mwaka uo huo baraza la Kanisa la Kiinjili lilisema kwamba sehemu ya mambo haya yaweza kuwekwa nje ya sheria ya adhabu, lakini ushauri wa lazima ubaki. Wengi ndani ya kanisa walinung'unika. Mwaka 2024 tume ya serikali ilishauri mimba changa zisihesabiwe tena kuwa kinyume cha sheria. Mswada ulipelekwa bungeni, nao haukupitishwa kabla ya uchaguzi wa Februari 2025.

Nasi huku? Sheria ya Tanzania, iliyotungwa zamani za Waingereza, yampa miaka 14 amtoleaye mwanamke mimba, na miaka 7 mwanamke mwenyewe. Tabibu apasuaye kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama hana hatia. Aliyeisababisha mimba hana fungu lake. Hatukuandika haya ili kutunga sheria. Hiyo si kazi ya gazeti la usharika. Lakini nidhamu ya kanisa ni kazi yetu, na juu yake hatuwezi kumlaumu Mwingereza wala Mjerumani, maana tumeishika wenyewe. Katika sharika nyingi msichana aliyepata mimba bila ndoa huzuiwa Meza ya Bwana, kisha husimamishwa mbele ya watu ili arudi kundini. Tumbo lake humshuhudia. La kijana aliyempa halimshuhudii, naye huketi katika kwaya na kuimba. Msichana wa pili aonaye hayo hujifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha: ya kwamba mimba ikitoweka mapema, Meza haitoweki. Tunaisema Amri ya Tano mimbarini, nayo nidhamu yetu humsukuma msichana aivunje.

Serikali ya Tanzania ilitangaza Novemba 2021 kwamba msichana aliyejifungua aweza kurudi katika shule ya serikali. Hivyo mlango wa shule ulifunguka, na sisi tungali na sharika ambazo mlango wa Meza hufunguka kwa shida kuliko huo. Twawaomba wazee na makatekista walifikirie katika vikao vyao: binti akija kumwambia mwalimu kwamba ana mimba, nani atakayeketi naye, kabla daftari ya nidhamu haijafunguliwa? Na kijana ataitwa lini? Na kama binti amekwisha kulitenda lile tulilotaka kulizuia, akaja na damu na hofu, atapelekwa kwanza hospitali au kwanza kwa wazee? Sheria ile ya Ujerumani yenye kitendawili ina fungu moja lisilosemwa sana. Linampa mwanamke haki ya kurudi katika nyumba ya ushauri baada ya kujifungua, na vilevile baada ya mimba kutolewa, akitunzwe na kusikilizwa tena. Meza ni ile ile, na mara nyingi mshauri ni yule yule aliyetia sahihi.